Nyumba ya Mama, Skeli Moja kwa Mia

Siku ya mnada mjini Tarime hakuna duka linalopumua, na duka la Irine la kuchapa michoro, nyuma kidogo ya stendi, ndilo lililobanwa kuliko yote. Mwalimu mmoja alikuwa anadurufu mitihani, mama mmoja analaminisha cheti cha ubatizo, na mbele ya mashine kubwa ya ramani alisimama mwanaume mrefu, buti zake zimejaa vumbi la Nyamongo, akiitazama karatasi yake kama mtu aliyeletewa chakula cha meza ya jirani.

Jina lake Okal. Alikuwa mchoraji na msimamizi wa ujenzi kwa mkandarasi mmoja kule Nyamongo, karibu na mgodi, ambako kila mwenye kiwanja anataka fremu za maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Mchoro wake ulitoka vizuri, kuta zimenyooka, ngazi ipo mahali pake. Vipimo ndivyo vilivyotoka vidogo kama punje za ulezi.

"Irine, mashine yako inanionea."

"Mashine haimuonei mtu, kaka. Inachapa ulicholeta. Na ukirudia tena hao nyuma yako watanichomea duka."

Aliyekuwa nyuma yake moja kwa moja alikuwa dada mwenye sketi ya kitenge cha njano na bluu, begi la kompyuta begani, na raba nyeupe ambazo kwa maajabu ya Mungu hazikuwa na doa hata moja siku ya mnada. Alikuwa amevumilia vya kutosha.

"Samahani kaka. Mashine haina tatizo. Maandishi yako umeyapa ukubwa wa jengo badala ya ukubwa wa karatasi."

Okal akageuka. Hakupenda kusahihishwa dukani, mbele ya watu, lakini aliyemsahihisha alikuwa mzuri, na hilo lilipunguza makali.

"Wewe ni nani mwenzetu?"

"Honoratha. Fundi sanifu wa majengo, halmashauri ya Serengeti. Nimetoka Mugumu asubuhi na nina mchoro wa nyumba ya mwalimu wa Morotonga wa kuchapa, kwa hiyo naomba tukumalize wewe kwanza."

Watu wakacheka. Akasogea kwenye kompyuta ya Irine, akafungua mchoro, akachagua vipimo vyote kwa pamoja na kuvibadilisha viwe vya kufuata skeli, ule uwiano wa jengo na karatasi. "Sasa ukichapa, vitajikuza vyenyewe kulingana na karatasi," alisema. "Ila uwe unaviambia skeli utakazotumia, maana..." Mwalimu wa mitihani akakohoa kwa nguvu, na maelezo yakaishia hapo.

Karatasi ikatoka. Kila namba ilisomeka. Okal alikuwa anafungua mdomo kushukuru, Honoratha akaweka kidole kwenye kona moja ya mchoro.

"Na huu mlango wa choo unafungukia mezani. Watu watakuwa wanakula wanatazamana na anayetoka chooni."

"Mteja ndiye aliyetaka hivyo."

"Mteja hajui. Wewe ndiye unayejua. Ni mbaya, kaka yangu, nikikuambia ni mzuri nitakuwa nakudanganya."

Okal alimngoja nje, karibu na wauza ndizi, mpaka naye akamaliza kuchapa. Akaomba namba ya simu, kwa ajili ya masuala ya kitaalamu, alisema. Honoratha akamtazama kuanzia buti hadi kichwani, akampa.

Masuala ya kitaalamu yalikwisha haraka. Okal alianza kupiga asubuhi akiwa kwenye jukwaa la mafundi, kelele za bodaboda za Nyamongo zikiingia kwenye simu pamoja naye.

"Injinia wangu, umeamkaje?"

"Mimi sio injinia. Na nani amekuambia ni wako?"

"Basi nitaleta barua ya maombi."

"Leta. Ambatanisha na mchoro wa choo uliorekebishwa."

Jumapili alizoweza, Okal alikwenda Mugumu. Alijua kuvaa akiamua: shati jeupe lililopigwa pasi, suruali ya bluu, na viatu ambavyo Gati, muuguzi aliyepanga nyumba moja na Honoratha, alivichunguza mlangoni kabla ya kumruhusu apite. "Shemeji leo umeoga, vumbi lote limetoka," Gati alisema. Walikula samaki na ugali wa muhogo, wakabishana kuhusu mapaa, na Honoratha akagundua kwamba anacheka sana siku hizi. Alikuwa anampenda. Alijiambia hivyo siku moja akiwa anaosha vyombo, na hakuona sababu ya kubishana na nafsi yake.

Jambo hilo lilivuruga mipango yake. Kabla ya kumjua Okal alikuwa ameshapata mtu wa kubadilishana naye kituo, Nikodemo, wa kada ileile, mzaliwa wa Mbalibali, hapohapo Serengeti, aliyepangwa Muleba na anayetaka sana kurudi kwao. Honoratha ni wa Muleba, upande wa Bukoba, wazazi wake wako hukohuko. Ilibaki aseme ndiyo tu. Kila Nikodemo alipopiga, alijibu, "Kaka, nipe muda kidogo."

Okal naye alikuwa na kiwanja Tarime mjini, na jioni moja alimwomba Honoratha amchoree nyumba.

"Nyumba ya nani?"

"Ya kwangu. Chora ile ambayo wewe ungependa kukaa."

Honoratha alielewa alichoambiwa. Alisema tu ataangalia nafasi, kisha akafanya kazi ile kwa wiki nyingi kwa uangalifu ambao hata bweni la serikali halikuupata. Alijua kwamba mama yake Okal, Mama Susana, anakaa Sirari mpakani, anauza maharage huku na upande wa Kenya, na kwamba kila akija kliniki ya presha Tarime analala kwa watu. Basi akamuuliza Omolo, mhasibu wa ofisini kwao na Mjaluo kama Okal, mambo ya Wajaluo.

"Kwetu mama halali ndani ya nyumba ya mtoto wake aliyeoa," Omolo alimwambia. "Ukimwekea chumba ndani, hata kiwe cha dhahabu, atakaa kwenye kiti mpaka asubuhi. Mpe paa lake, mlango wake na jiko lake."

Ndivyo alivyofanya. Nyuma ya nyumba kubwa alichora kijumba, akaandika kila kitu kwa maneno: Nyumba ya Mama. Jiko lake. Bafu lisilo na ngazi. Paa lisiungane na nyumba kubwa. Alichora kwa skeli ya moja kwa hamsini kama alivyozoea, akaituma faili kwa Okal, na usiku ule alilala vizuri.

Okal alikuwa na haraka ya kwenda kumwonyesha mama yake. Duka la jirani pale Nyamongo lina mashine ndogo, na nyumba nzima kwa skeli ya moja kwa hamsini haikutosha kwenye karatasi, kwa hiyo akaichapa kwa moja kwa mia. Maandishi ya nyumba kubwa yalitoka, kwa sababu Honoratha aliyaambia skeli zote mbili. Ya kijumba cha nyuma aliyaandika mwisho, akayapa skeli moja tu. Hayakutoka. Kilichobaki pale nyuma ni mstatili mtupu.

Mama Susana aliitandaza karatasi mezani Sirari, akavaa miwani.

"Hapa ni sebule. Hapa nyinyi mtalala. Hapa watoto. Ni poa sana." Kidole chake kikatembea mpaka nyuma. "Na mimi nikikuja kliniki nitalala wapi?"

Okal akatazama mstatili. "Hiki... nadhani ni stoo."

"Unadhani? Si ni huyo bibi yako wa Mugumu alichora? Hamkuongea?"

"Tuliongea, mama."

"Haina shida, nyathina, mtoto wangu. Kwa rafiki yangu Sharon pale Tarime kuna nafasi, nitaendelea kulala huko." Akaikunja karatasi vizuri, akamrudishia, akaenda kupima maharage ya mteja.

Angemlaumu ingekuwa afadhali. Okal alitoka nje ya boma, na bila kusubiri damu ishuke akampigia Honoratha, ambaye alikuwa Mugumu ofisini, kompyuta iko wazi mbele yake.

"Mama yangu umemweka wapi?"

"Habari za mchana na wewe. Nimemweka nyuma, kwenye nyumba yake. Si nimeandika?"

"Hakuna ulichoandika. Kuna kibanda kitupu. Nimemwambia mama yangu ni stoo, Hono. Nimeaibika."

"Okal, nimeandika. Nimeandika mpaka bafu."

"Karatasi ninayo mkononi."

"Na mimi mchoro ninao mbele ya macho, maneno yapo!"

"Basi umeyaandika sasa hivi, nilivyokupigia."

Hawa ni wataalamu wawili, mmoja alikutana na mwenzake kwa sababu ya tatizo la maandishi kwenye karatasi, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kuuliza swali ambalo angemuuliza mteja yeyote: umechapa kwa skeli gani? Hasira ikishapanda, elimu inatoka nje kupunga upepo.

"Yaani mimi ni mwongo," Honoratha alisema taratibu.

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Asante. Nisalimie mama." Akakata.

Kesho yake, akiwa ametulia, aliufungua mchoro akabadilisha skeli kuwa moja kwa mia. Nyumba kubwa ikabaki na maneno yake; kijumba kikawa kitupu kabisa. Honoratha alikaa akikitazama. Kosa lilikuwa lake, kosa dogo, la kubonyeza mara moja na kumaliza. Alichukua simu, akalifikia jina la Okal, akaiweka simu chini.

Angemwambia nini? Kwamba ushahidi umepatikana? Mtu aliyempenda alikuwa tayari kuamini kwamba anaweza kukaa kwenye simu anadanganya huku anaandika. Angeona maneno angeomba radhi, bila shaka, lakini angekuwa anayaomba radhi maneno. Na siku nyingine karatasi ikipotea, ingekuwaje? Alilia kidogo, akanawa uso, akampigia Nikodemo.

"Kaka, niko tayari. Anza taratibu za huko."

"Mungu akubariki, dada yangu!" Nikodemo alisema kwa furaha iliyomuumiza zaidi.

Okal hakupiga, Honoratha naye hakupiga. Kule Nyamongo mafundi walianza kumwogopa Okal; alimgombeza Robi, fundi mkuu, kwa tofali lililokaa vizuri kabisa. Siku zilikwenda hivyo mpaka Gati alipoamua kuingilia jambo lisilomhusu, akampigia Okal.

"Shemeji, kama bado naruhusiwa kukuita hivyo."

"Gati. Vipi, Hono mzima?"

"Mzima, anafunga vyombo. Anabadilishana kituo, anarudi kwao Muleba. Mura, shemeji yangu, sijui mmegombania nini, yeye hasemi, lakini nimemsikia analia na Hono sio mtu wa kulia. Mimi nimemaliza. Usiseme nimekupigia."

Okal alikaa juu ya rundo la nondo. Ile karatasi aliirudisha ndani siku ileile, kwenye kabati la mama yake Sirari, na faili hakuwahi kuifungua tena, kwa sababu kila alipoikaribia moyo ulimuuma. Alimfikiria yule dada wa raba nyeupe aliyemwambia mbele ya duka zima kwamba kazi yake ni mbaya. Tangu siku ile hakuwahi kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwambia anakoroma. Alimwambia shati la zambarau halimpendezi, naye ndiyo kwanza alikuwa amelinunua kwa ajili yake. Mtu ambaye hawezi kudanganya kuhusu mlango wa choo, atadanganyaje kuhusu nyumba ya mama?

"Robi!" aliita. "Shika kazi. Mimi naenda Mugumu."

"Saa hizi? Zege je?"

"Wewe ndiye fundi. Mwaga zege."

Alifika mchana, na buti zake za kazi. Honoratha alikuwa uani anaanua mapazia, amejifunga kanga, kichwani kitambaa chekundu. Alimwona akakunja pazia alilokuwa nalo mpaka likaisha kukunjwa.

"Karibu," alisema, kwa sauti ya kumkaribisha mgeni wa ofisi.

"Asante. Sitakaa, kama hutaki nikae. Nimekuja kusema jambo moja."

"Sema."

"Sijui yale maneno yalikwenda wapi. Sijaufungua mchoro, sijamuuliza mtu. Kwenye karatasi yangu hayapo na mimi sijui ni kwa nini. Ila wewe ulisema uliandika. Basi uliandika." Akavua kofia. "Ulinitosha wewe kusema. Nilitakiwa niishie hapo. Nisamehe, Hono."

Pazia lilikuwa limegeuka kifurushi mikononi mwa Honoratha.

"Hujaufungua kweli?"

"Sijaufungua."

"Kwa hiyo hata sasa hujui kama naongopa."

"Najua. Huongopi."

Machozi yakamtoka, na safari hii hakwenda kunawa. Akaingia ndani, akarudi na kompyuta, akaiweka juu ya ndoo iliyofunikwa ubao, na wakachuchumaa wote wawili uani. Akaonyesha: hamsini, maneno yapo, mia, maneno hayapo. Akabonyeza kitufe kidogo chini ya kioo, kile cha kufichua maandishi ya skeli zote, na kijumba kikajaa maneno. Okal akayasoma moja moja kwa sauti ya chini. Jiko lake. Bafu lisilo na ngazi. Paa lisiungane na nyumba kubwa.

"Nani alikuambia habari za paa?"

"Omolo wa ofisini. Nilimuuliza."

Okal akafunika uso kwa viganja. "Na mimi nikasema stoo."

"Kuna jingine, ulisikie kabla hujanihurumia. Kosa hili nililigundua kesho yake tu. Skeli ya pili nilisahau mimi. Nikanyamaza."

"Kesho yake? Wiki zote hizi, Hono? Mama yangu anaamini humtaki!"

"Najua. Kwa mama nimekosea, na nitamwomba msamaha. Kwako nilitaka uniamini bila kuonyeshwa."

"Na nisingekuja je?"

"Ningeenda Muleba." Akafuta machozi kwa kiganja. "Ningeenda, na ningelia mpaka Muleba."

Okal alikasirika, kweli alikasirika. Alisimama, akazunguka ua mzima, akapita katikati ya mapazia yaliyobaki kwenye kamba. Gati, aliyekuwa dirishani anajifanya anachambua mchele, akakaza macho kwenye ungo. Kisha Okal akarudi akachuchumaa palepale.

"Siku nyingine nipigie unitukane. Usininyamazie."

"Na wewe siku nyingine uliza."

"Nitauliza."

Akatoa simu, akampigia mama yake, akaweka sauti ya nje.

"Mama, shikamoo. Kile cha nyuma sio stoo. Ni nyumba yako. Iliandikwa tangu mwanzo, karatasi ndiyo haikuonyesha, na mimi sikuuliza. Nakusomea." Akasoma yote, polepole, mpaka lile la paa.

Lori likasikika likipita huko Sirari.

"Lisiungane," Mama Susana alirudia. "Na yeye anatoka Bukoba. Nani alimfunza?"

"Aliuliza mwenyewe, mama."

"Mpe simu."

Honoratha akaipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo mama. Naomba unisamehe, nilikaa kimya wakati nilijua..."

"Marahaba binti, nyar Bukoba. Hayo tutaongea ukikuja hapa. Sasa sikia, hiyo nyumba yangu haina dirisha ya upande ya barabara. Niwekee moja. Nikikuja kliniki nataka nikae hapo niwaone mkirudi kutoka kazini."

"Nitaliweka mama. Leo hii."

"Kubwa."

"Kubwa, mama."

Simu ikakatika. Okal akafuta vumbi la goti lake, ambalo halikufutika.

"Hono. Nije Muleba kwenu lini?"

Hilo halikuwa swali la safari, na Honoratha alilijua. Alitazama buti zake, shati la kazi lenye madoa ya saruji, macho mekundu yasiyoficha kitu. Alitamani kumtania kuhusu barua ya maombi. Safari hii hakumtania.

"Baba yangu hapendi watu wa ghafla," alisema hatimaye. "Uje na mjomba wako, na mvae vizuri. Ila usinihimize niseme tarehe sasa hivi. Kuna mtu lazima nimpigie kwanza, nimvunje moyo, na hajanikosea chochote."

Akaitoa simu yake kwenye pindo la kanga, akalitafuta jina. Iliita kidogo tu, ikapokelewa na sauti yenye furaha.

"Dada yangu Honoratha! Habari za huko kwetu?"

"Nzuri, kaka Nikodemo," alisema, mkono wake mwingine ukiwa tayari ndani ya mkono wa Okal. "Naomba unisamehe sana. Mimi nabaki."